Chupa Nne Kwenye Friji la Nesi

Mwanangu alicheka kwa mara ya kwanza akiwa mikononi mwa mwanamke mwingine. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, nimeinamia beseni nafua, nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kama kikohozi kidogo kinachopanda juu. Niliinua kichwa. Nesi alikuwa kibarazani kwake, amemlaza Nanyori juu ya mapaja yake, anamchezea kwa kifuniko cha chupa.

"Mama Nanyori," aliniita, "njoo umsikie mtoto wako anacheka."

Nilijibu kwamba mikono yangu ina sabuni. Nikabaki pale pale, nikaisugua kola ya shati la mume wangu mpaka nyuzi zikaanza kuachia.

Pale Ngarenaro, mjini Arusha, sote tulimwita Nesi, wapangaji kwa wenye nyumba, na hata muuza mkaa wa kona. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu kanisani. Alikotoka na alivyokua sitasimulia, kwa sababu sikuwahi kumuuliza, na kutokuuliza kwangu nako kulikuwa sehemu ya ubaya wangu. Nilichojua ni kwamba alifanya kazi wodi ya wazazi mpaka akastaafu, kwamba alikuwa Mmeru kama mume wangu, na kwamba vyumba vyake viwili vilitazamana na mlango wetu, hatua kumi na nne, nilizozihesabu mwenyewe kwa miguu na chupa mkononi.

Nilipojifungua nilipoteza damu nyingi. Nilirudi nyumbani nimepauka, na maziwa hayakuja. Mama mkwe alinipikia mtori, nikanywa uji wa ulezi na supu ya kwato mpaka nikachoka kuvisikia hata kwa harufu. Nilimweka mtoto kifuani kila alipolia, akavuta, akaachia, akalia zaidi. Wiki ya pili alikuwa amepungua uzito, na daktari akasema tuanze maziwa ya kopo.

Nesi alikuja siku hiyo hiyo kututazama. Aliliona kopo juu ya meza, akavaa miwani yake, akalisoma pande zote kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Hiki kitu nimekipiga vita maisha yangu yote ya kazi," alisema. "Nimewanyang'anya wanawake makopo haya pale wodini. Lakini mtoto akishakihitaji, kinatengenezwa sawasawa au hakitengenezwi kabisa."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Alisema, "Nawa mikono. Mpaka kwenye kiwiko."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Huruma yake ilipita kwenye amri, na asiyemjua alidhani hana. Alimwambia mpangaji mmoja aliyekuwa mjamzito kwamba ananuka kwapa, kisha akampelekea ndoo ya maji ya moto kila asubuhi mpaka alipojifungua, kwa sababu yule dada hakuweza tena kubeba ndoo. Mume wangu alipotaka kupanua tundu la chuchu ya chupa kwa sindano ili mtoto anyonye haraka, alimpokonya sindano. "Mtoto si ndama," alisema. Mume wangu, ambaye hapendi kuamrishwa na mtu, alicheka na kumjibu kwa Kimeru, na wakaendelea kwa lugha yao, mimi nimekaa katikati kama mgeni. Mimi ni wa Singida. Kimeru chao nilikuwa naokota neno moja moja.

Ni yeye aliyenifundisha chupa. Kila kitu kwanza kilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, brashi ikaingia mpaka chini, chuchu ikageuzwa ndani nje. Kisha vyote vikachemshwa kwenye sufuria ambayo haikupikiwa kitu kingine. Maji ya maziwa yalichemka mpaka yakarukaruka, akayafunika, akayaacha yapoe kidogo, lakini si zaidi ya nusu saa. "Yakipoa sana hayaui vijidudu vilivyomo kwenye unga," alisema. Maji yalitangulia kwenye chupa, unga ukafuata. Aliposoma alama za chupa alichuchumaa, magoti yakilia, ili jicho lake lilingane na mstari. Kijiko cha kopo alikisawazisha kwa mgongo wa kisu kisafi, hakikuwa na kilima wala shimo. Nikijaribu kuongeza kidogo ili mtoto anenepe, alinimwagisha na kuanza upya.

Chupa ya kunyonya sasa hivi aliipooza kwenye beseni la maji baridi na kudondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake. Za baadaye alizipooza haraka, akazifunga, akabandika kipande cha plasta na kuandika saa, kisha akazisukuma nyuma kabisa kwenye friji, kamwe si mlangoni, kwa sababu mlango unafunguliwa na kufungwa na hapo pana joto. Saa ishirini na nne zikipita, anamwaga. Mtoto akibakisha, anamwaga. Sisi hatukuwa na friji. Kwa hiyo chakula cha mwanangu kilikaa nyumba nyingine, chupa nne nyuma ya friji la Nesi, na mwandiko wake juu yake.

Mtu angetegemea kwamba nyumba ya mwanamke huyo inang'aa. Haikung'aa. Meza ya jikoni na friji ndivyo vilivyokuwa safi, vingine vyote vilikuwa magazeti ya zamani, mifuko ndani ya mifuko, viatu visivyo na wenzake. Chai yake aliisahau dirishani kutwa nzima na akainywa jioni, akimtoa sisimizi kwa kidole. Niliwahi kumwambia, "Nesi, hiyo chai imelala." Akasema, "Mimi nina meno ya kupambana nayo. Mwanao hana."

Alikuwa na ukali kuhusu muda kwa watu wote isipokuwa yeye. Ibada ikianza saa tatu yeye alitoka nyumbani saa tatu, akitembea polepole, na akaingia katikati ya somo bila aibu mpaka kiti cha mbele. Alichukia umbea, lakini alijua habari za kila chumba uani. Aliwaambia wanawake wasimsikilize mtu anayewatisha, kisha akawatisha yeye.

Kuna jambo alinifanyia ambalo lilipaswa kunifunga mdomo milele. Wanawake wa bombani walikuwa wameanza kusema kwamba mwanamke asiyenyonyesha ana ugonjwa anaouficha, au anaogopa matiti yataanguka. Nilikuwa nikifika na ndoo yangu wananyamaza. Siku moja Nesi alinifuata, akasimama pale bombani na khanga yake imefungwa kifuani, akasema, "Huyu alitokwa damu nusura afe. Mwili wake ulichagua kuishi kwanza. Mwenye swali aniulize mimi." Hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo nilichota maji kwa amani.

Nilishukuru, kweli. Lakini usiku na mchana nilikuwa nahisi pia kwamba hata utetezi wangu si wangu. Mtu mwingine ndiye aliyeueleza mwili wangu kwa watu.

Nanyori alipotimiza miezi mitatu nilirudi kazini. Nilikuwa nafunga maua kwenye shamba moja upande wa Usa River, gari la wafanyakazi likituchukua alfajiri na kuturudisha jioni. Kutwa nilisimama kwenye meza, nikipanga waridi kwa urefu, nikiyapeleka chumba cha baridi. Niliporudi mtoto alikuwa ameoga, ameshiba, amelala juu ya bega la Nesi. Nikinyoosha mikono kumpokea, Nesi alinitazama mikono.

"Nawa kwanza. Una dawa ya maua."

Alikuwa na haki, dawa ilikuwepo, hata harufu niliisikia mwenyewe. Lakini fikiria umemkosa mtoto kutwa nzima, ziwa huna la kumpa, halafu unaambiwa mikono yako nayo haifai. Nilinawa mpaka kwenye mikwaruzo ya miiba pakauma. Nilipomchukua, Nanyori aliamka, akanitazama, akageuza shingo kumtafuta Nesi.

Nilianza kuweka kumbukumbu ndani ya moyo. Jino la kwanza aliliona yeye. Kukaa bila kushikwa aliona yeye. Alimwimbia kwa Kimeru, na mtoto alitulia kwa maneno nisiyoyaelewa. Nilimuuliza mume wangu yana maana gani. Akasema, "Ni maneno tu ya kubembeleza, hata mama alituimbia." Hakuona kilichonisumbua. Aliporudi kutoka kwenye karakana yake ya kuchomelea alipitia kwanza kibarazani kwa Nesi, kwa sababu mtoto alikuwa huko, na mimi niliwasikia wakicheka wakati nabandika ugali.

Nikamwambia nataka friji letu.

"La nini wakati Nesi analo?"

"Ndiyo maana," nikasema.

Tulipata dogo, la mtumba, linaloguruma kama pikipiki. Nilimwambia Nesi kwamba kuanzia sasa chupa za jioni na za mwisho wa wiki nitatengeneza mwenyewe. Alifurahi. Hilo nalo liliniudhi, nilitaka aumie kidogo. Alikuja kulikagua friji, akaweka mkono ndani, akasema, "Ukikatika umeme, hili halitunzi baridi. Umeme ukikata, usibahatishe. Mwaga." Nikasema nimesikia.

Jumamosi moja nilitoka kazini mchana. Nesi alinikabidhi mtoto na chupa moja iliyobaki kwenye friji lake, Nanyori akainyonya alasiri hiyo hiyo. Kisha nikatengeneza tatu za kwangu. Nilifuata kila hatua, isipokuwa niliziweka mlangoni kwa sababu nyuma nilikuwa nimeweka nyama. Jioni umeme ulikatika. Ulirudi Jumapili asubuhi tulipokuwa tunavaa nguo za ibada.

Nilifungua friji, nikashika chupa. Haikuwa ya baridi, haikuwa ya moto. Niliinusa, haikuwa na harufu. Kilichopaswa kufanywa nilikijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini kopo lilikuwa limeisha, la akiba lilikuwa kwa Nesi, na kwenda kugonga mlango wake kungekuwa kukiri kwamba friji langu limeshindwa na mimi nimeshindwa pamoja nalo. Nikampa mtoto ile chupa. Tulipotoka kanisani nikampa ya pili.

Alasiri alianza kutapika, kisha kuharisha, maji matupu. Kabla jua halijazama macho yake yalikuwa yameingia ndani na alikuwa analia bila machozi. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, mimi nimemfunga kifuani kwa khanga, mume wangu akifuata kwa nyingine.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. "Maziwa anatengeneza nani?"

"Kuna bibi jirani," nilisema.

"Anayahifadhi wapi?"

"Kwenye friji lake."

Kwa siku nyingine za wiki yote mawili yalikuwa kweli. Mume wangu, ambaye hakujua chupa ipi ilitoka friji lipi, alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamsikia anavuta pumzi.

Kesho yake Nesi alikuja wodini na uji wangu kwenye chupa ya chai. Mume wangu alikuwa ameshampitia asubuhi, na nilijua kwa uso wa Nesi kwamba mume wangu hakuongea naye kwa Kimeru cha utani. Alimtazama mtoto, akamfinya ngozi ya tumbo taratibu kuona inarudi vipi, akaitazama dripu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Chupa ya Jumapili ilitoka wapi?"

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu upande ule wa kitanda.

"Ni ile uliyonipa Jumamosi," nilisema.

"Niliandika saa ngapi?"

"Sikuangalia."

Alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. Akasema, "Labda nilikosea kuandika. Labda ilikuwa ya Alhamisi. Nisamehe, mwanangu."

Nilisema, "Haya, Nesi. Yamepita." Mimi ndiye niliyetoa msamaha.

Nanyori alipona siku ya nne. Nesi hakumshika tena. Tulipata msichana wa kazi, na Nesi alibaki kibarazani akimtazama mtoto kwa mbali, akimpungia. Habari ilizunguka uani bila mimi kuisukuma. Yule dada aliyepelekewa ndoo za maji ya moto naye akaacha kumwachia Nesi mwanawe. Sitadanganya kwamba nilikosa usingizi mara moja. Miezi ya kwanza nilifurahi. Nanyori alikuwa wangu, alinililia mimi, alilala kwangu. Furaha hiyo ilianza kuchacha polepole, hasa siku nilipomwona Nesi sokoni anamwinamia mtoto wa mtu, kisha anarudisha mikono nyuma kama aliyeshika jiko la moto. Hata hivyo sikusema. Mwaka uliofuata alihama kwenda kwa binti yake anayeishi Terrat, nje kidogo ya mji, na nilimsaidia kubeba mifuko.

Sasa ni miaka sita tangu Nanyori augue. Mwezi uliopita nilikutana na mpangaji mwenzetu wa zamani, akaniambia miguu ya Nesi inavimba na angefurahi kuona watu. Jumapili baada ya ibada nilimchukua Nanyori tukaenda.

Terrat upepo ulikuwa unainua vumbi. Nesi alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, amepungua, miguu juu ya stuli. "Shikamoo Nesi," nilisema. Aliitikia, "Marahaba, Mama Nanyori," mara moja, bila kutafuta jina. Nanyori alitoa shikamoo yake kisha akajificha nyuma yangu.

"Hanijui," Nesi alisema.

"Alikuwa mdogo."

Nilifurahi kwamba hamjui. Nasema kama ilivyokuwa. Miaka yote ile, na bado kitu kile kilinyanyua kichwa ndani yangu.

Binti yake alitukaribisha chai. Alikuwa na mtoto wa miezi miwili mgongoni, na kama nilivyoelewa baadaye, alikuwa anatumia dawa ambazo hazikumruhusu kunyonyesha. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona akitengeneza chupa. Alitangulia na unga. Alimimina maji ya uvuguvugu juu yake, kwa kukadiria, bila kutazama mstari. Nilimgeukia Nesi. Alikuwa ametazama upande mwingine, barabarani.

"Mbona humwelekezi?" nilimuuliza.

"Mimi niliacha hayo mambo. Nilimuumiza mtoto wako. Binti yangu anajua, alinisikia nikiyasema mwenyewe. Hawezi kunisikiliza, na mimi sijiamini." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini hali chumvi.

Nilimwambia Nanyori akacheze na kuku. Kisha nikasema. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye umeme. Nilisema friji, nilisema mlango wa friji, nilisema nilivyoinusa chupa. Nilisema kwamba ile aliyonipa Jumamosi iliisha Jumamosi, na haikuwa na kosa.

Alishusha miguu kutoka kwenye stuli.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," alisema.

"Hukuwa wewe, Nesi."

"Miaka sita naipitia ile wiki. Ijumaa nilichemsha saa ngapi. Plasta niliikata wapi. Nilianza kufikiri kichwa kimeondoka na hakuna anayeniambia." Sauti yake haikupanda. "Kwa nini?"

"Alikupenda kuliko mimi."

Alinitazama kama alivyotazama lile kopo siku ya kwanza, pande zote. Kisha akaita kwa nguvu kuelekea ndani, na binti yake akatoka, chupa mkononi.

"Mwambie yeye," Nesi aliniambia. "Uyaseme yote, kama ulivyoniambia."

Kumwambia yule binti kulikuwa kugumu mara mbili. Alinisikiliza akiwa amesimama, mtoto akijinyonganyonga mgongoni. Nilipomaliza hakunitukana. Alimgeukia mama yake, akaitazama chupa aliyoishika, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hii nimeitengeneza sawa?"

"Hapana," Nesi alisema. "Imwage."

Alishika mkono wa kiti, akasimama kwa taabu. Niliinuka kumsaidia, akanikatalia kwa kiganja.

"Nenda nyumbani, Mama Nanyori. Umefanya vizuri kusema, lakini leo sina neno la kukupa. Ukija siku nyingine tutaona."

Wakaingia ndani wote wawili. Hakuna aliyetusindikiza. Nilimwita Nanyori tukaanza kuelekea barabarani, mkono wake ndani ya wangu.

"Mama, yule bibi ni nani?"

"Ndiye aliyekulisha ulipokuwa mchanga."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa naona wivu. Siku moja nilikupa maziwa mabaya, ukaumwa sana, nikasema ni yeye."

Alitembea hatua kadhaa akifikiri.

"Akagombezwa yeye?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Nimesema leo."

Aliuachia mkono wangu, akageuka kutazama tulikotoka, akabaki amesimama hivyo katikati ya vumbi, na mimi nilisimama nikimsubiri, sikumwita.